Mwaka Niliofyeka Nyasi

Mwezi uliopita tulimzika Papa Ilunga. Matanga yalikuwa nyumbani kwake Rosettenville, kwenye nyumba ileile ambayo chumba chake cha mbele ni saluni ya mke wake, na tulijaa mpaka kwenye ngazi za nje, kila mtu na kiti cha plastiki kilichoazimwa kanisani. Waliosimama kumzungumzia marehemu walisema alikuwa mtu wa amani. Mchungaji akaenda mbali zaidi, akasema ndani ya nyumba ile halijawahi kudondoka tone la damu. Watu wakaitika amina. Mimi ni Mwislamu lakini nami niliitika, kwa heshima, huku nikiangalia vigae vya chumba cha nyuma kupitia mlango uliokuwa wazi. Najua ni vigae vipi. Nilivisugua mimi, kwa brashi na maji ya moto, na hata vilipotakata damu ilibaki kwenye mistari ya saruji kati ya kigae na kigae kwa wiki kadhaa, nyekundu, halafu kahawia, halafu nyeusi kama uchafu mwingine wowote. Simlaumu mchungaji. Alikuwa mgeni pale, na marehemu mwenyewe alipenda isimuliwe hivyo. Lakini nilirudi kwangu nikakosa raha, kesho yake nikanunua daftari. Nina miaka ishirini na saba tu na shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo sijui kama mtu kama mimi anaruhusiwa kuandika kumbukumbu. Watoto wa mtaa wameanza kuniita anko. Nimechukulia hiyo ndiyo ruhusa.

Mwaka ninaoutaka ni ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Ya Kigoma nilikokulia na ya njiani kuja huku nayaruka. Niingie moja kwa moja chumba cha nyuma, nyuma ya pazia la maua lililotenganisha saluni ya Mama Ilunga na vita. Nasema vita kwa sababu ndivyo vilivyouzwa mle. Kulikuwa na kompyuta nne zilizounganishwa kwa waya, na watu wanne waliweza kuingia kwenye uwanja mmoja wa mchezo na kuuana tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Upande wetu wa pazia mabomu yalilipuka na watu walitukanana kwa Kiswahili, Kizulu na Kifaransa. Upande wa pili wanawake walisukwa rasta wakizungumza juu ya waume na vibali vya kuishi. Ikitokea kimya kidogo kati ya risasi na risasi, ungemsikia Mama Ilunga akimalizia sentensi, kwamba yule bwana njo anamwambia asema mutoto haiko wake. Halafu bomu. Chumba kilinuka dawa ya nywele na plastiki ya moto. Nilifagia nywele, nilichemsha maji, niliwatoa wateja ambao zamu zao zimeisha, na nilikuwa na furaha ya kijinga, furaha ya mtu aliyepata pa kulala na anayeota kwamba siku moja atatengeneza mchezo wake mwenyewe, wenye ziwa la kwetu ndani yake.

Kompyuta zile zilikuwa na majina. Ile nzuri, yenye kadi ya picha ambayo Papa Ilunga aliipata kwa mwanafunzi mmoja wa Braamfontein aliyekuwa anahama, iliitwa Sandton, jina la mtaa wa matajiri. Mbili za katikati ziliitwa Likasi na Kolwezi, kama miji ya Kongo, na hazikuwa na sifa yoyote. Ya mwisho ilikaa kona peke yake, kioo chake kikitazama upande tofauti na vingine, mgongo kwenye ukuta ambao kwa saluni ulikuwa na vikaushio vya nywele. Hiyo iliitwa Goma, kwa sababu, kama mji huo, ilikuwa na volkano tumboni. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo, tena inakichora upya mara makumi kwa sekunde moja, na ya Goma ilikuwa kuukuu na feni yake imevunjika mabawa mawili. Ukiitwika mchezo mzito ilipiga kelele kama kuku anayechinjwa, ikachemka, na baada ya dakika kumi kioo kikawa cheusi. Kwa mteja, kioo kuwa cheusi katikati ya vita maana yake ameuawa bila kumwona aliyemuua. Mwaka ulianza na ngumi za namna hiyo. Mwezi wa pili fundi cherehani mmoja alikipiga kioo cha Goma kwa kiwiko mpaka kikapata ufa kwenye kona. Mwingine alimkwida Papa Ilunga shati. Papa Ilunga alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini, na mkono wake haukuchelewa. Yule aliyemkwida alipigwa kichwa kimoja cha pua akatupwa nje, damu ikimchuruzika mpaka kidevuni, kisha Papa Ilunga akarudi akanizaba mimi kibao kwa sababu nilikuwa nimesimama tu. Akaniambia mashine ile ikizima tena, na yeye atanizima mimi.

Tulijaribu kuipoza kwa kikaushio cha nywele kilichowekwa kwenye upepo wa baridi. Umeme wa nyumba nzima ukakatika, na Mama Ilunga akatokea kwenye pazia na mteja wake aliyesukwa nusu kichwa, wakatutazama kama watu waliofumania wezi. Basi ikabaki njia moja, kuipunguzia Goma mzigo. Kila mchezo una ukurasa wa mipangilio ambao wateja huupita haraka kwenda kuua watu. Ndani yake kuna orodha ndefu, na kila kitu kina ngazi zake, chini, kati, juu. Nusu ya maneno yale sikuyajua. Nilichofanya ni kuzima kitu kimoja, kucheza dakika tano, kugusa mgongo wa kadi kwa nyuma ya vidole kama mama anavyopima homa ya mtoto, kuandika, kukirudisha, kuzima kingine. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba vivuli vinakula nguvu kuliko karibu kila kitu, maana kila mti, kila mtu, kila chupa iliyotupwa ina kivuli chake na lazima kichorwe. Nikavizima. Maji yanayoonyesha mawingu juu yake ni fahari tu. Nikayazima. Nikaiwekea kadi kikomo, isichore zaidi ya mara arobaini kwa sekunde, kwa sababu ikiachwa huru inachora mpaka inajiua na jicho halioni faida. Rangi na ngozi za vitu niliziacha kama zilivyo, hizo zinataka nafasi kwenye kadi zaidi ya jasho lake. Kila nilichozima kilinisikitisha kidogo. Dunia ya Goma ilibaki bapa kama mchoro wa mtoto wa chekechea, na mimi ndiye niliyekuwa nikiivua nguo.

Pamoja na hayo bado ilizima kwenye uwanja mmoja, ule wa mbuga, uliopendwa kuliko vyote. Mbuga ile ilikuwa na nyasi ndefu za manjano zinazocheza na upepo, na kila unyasi ulichorwa peke yake. Jumatatu moja ya mwezi wa nne nilizishusha nyasi mpaka sifuri. Ardhi ikabaki nyekundu, wazi, kama kiwanja cha shule. Nikagusa kadi. Homa imeshuka. Goma ikafanya kazi siku nzima, na kesho yake, na wiki nzima. Jumapili Papa Ilunga alinikalisha kwenye meza ya jikoni pamoja na familia. Kulikuwa na bukari, yaani ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mchuzi. Akachukua kichwa cha samaki, ambacho hakuna mtu aliyekigusa mle isipokuwa yeye, akakiweka kwenye sahani yangu. Nilikila mpaka mifupa ikawa myeupe. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia wateja walilalamika kwamba zamani walikuwa wakiota moto kwa Goma na sasa nimeiharibu. Nyasi sikuzifikiria hata mara moja. Kwangu zilikuwa mzigo, na mzigo ulikuwa umetua.

Mtu aliyekaa kwa Goma kila siku alikuwa Trésor, kijana wa Bukavu, mlinzi wa geti la maghorofa, aliyetoka zamu saa sita mchana na kuja na sare yake. Alikaa pale kwa sababu kile kiti hakikugombewa na mtu. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye miguu isiyoenea chini ya meza, na alikuwa mchezaji mbovu. Miezi ya mwanzo aliuawa na kila mtu na akawa anawapongeza. Aliniita petit, mdogo wake kwa Kifaransa. Alikuja na mkate wa duka la Wareno akanigawia nusu, akipima kwa jicho moja kama anayelenga bunduki. Kuanzia mwezi wa nne alianza kushinda, na kwenye mbuga hasa. Mtu alijilaza ndani ya nyasi, ametulia, haonekani hata kisigino, na Trésor alimjia moja kwa moja kutoka mbali akampiga risasi ya kichwa. Yule wa Likasi aliruka kwenye kiti akiuliza ameonwa namna gani. Trésor mwenyewe alishangaa.

"Miye naonaka tu," alijibu. "Naangalia, batu biko pale."

Yule fundi wa kiwiko akasema kwa dhihaka kwamba tumepata nabii, na jina likanata. Mwanzoni lilichekesha. Lakini watu wetu wa Kongo, na nawapenda, hawawezi kulitumia jina hilo kwa utani muda mrefu. Mwanamke mmoja alilisikia akiwa anasukwa, akalipeleka kanisani. Trésor akaanza kuomba kabla ya kushika kipanya, kiganja juu ya kioo chenye ufa, macho amefumba. Akaanza kufunga siku za Jumatano. Hakuwa amewahi kukalia mashine nyingine, na hakuna aliyejisumbua kuzunguka ile kona kutazama kioo kibovu. Wote walikuwa na vioo vyao.

Mwezi wa saba ndipo nilipojua. Ilikuwa asubuhi, kabla ya wateja, Papa Ilunga alitaka kujaribu waya mpya, akakaa Goma, mimi akaniambia nikae Sandton. Sikuwa nimewahi kukikalia kiti kile. Nilijilaza kwenye nyasi na zilikuwa nzuri mno, zilinifunika zikawa zinapiga kelele ndogo ya upepo kwenye visikilizio, nikaona ncha ya bunduki yangu tu. Papa Ilunga, ambaye kwenye mchezo hakujua hata kutembea bila kugonga ukuta, alinijia moja kwa moja akaniua. Nikainuka nikaenda kutazama kioo chake. Nilikuwa nimelala pale juu ya udongo mwekundu kama gunia lililoanguka kwenye lori. Papa Ilunga akasema naye ameanza kuwa nabii, akacheka, akaenda zake kunywa chai. Nilipaswa kusema siku ile. Lakini mchana Trésor alikuja ameshaandikisha jina kwenye mashindano ya mwisho wa mwaka yanayoandaliwa na wanafunzi wa Braamfontein, amenyoa, anacheka peke yake. Na wiki hiyohiyo mwanamke mmoja, mteja wa saluni, alimfuata mpaka kwenye kiti chake akamwomba amtazamie mume wake aliyepotea njiani kabla ya mpaka. Trésor alifumba macho mbele ya kioo kilichozimwa, akakaa hivyo kitambo, akasema anamwona, yuko hai, amekaa kivulini. Mwanamke akapiga magoti juu ya nywele nilizokuwa sijazifagia, akalia. Nilikuwa nimeshika ufagio. Nikanyamaza. Nilijiambia ni huruma, na sehemu yake ilikuwa huruma kweli. Sehemu nyingine ilikuwa kichwa cha samaki. Sikutaka kurudi kuwa yule anayezabwa vibao.

Aliyekuwa akishindwa kuliko wote ni Sbu. Sbu alikuwa mwenyeji, Mzulu, mpanga foleni za teksi kwenye barabara kuu, mwenye shingo nene na kicheko cha mtoto. Sandton ilikuwa kiti chake, akiingia aliyekikalia alihama bila kuambiwa. Kabla ya mwezi wa nne hakuna aliyemgusa. Mwezi wa nane, wiki ile makundi yenye fimbo na mapanga yalipopita yakivunja maduka ya wageni, tulishusha shata ya saluni tukajifungia watu kumi na mmoja, wanawake na vichwa vyao vya nusu, wachezaji na visikilizio shingoni. Tulisikia kioo cha jirani kikivunjwa, kishindo, mtu akiomba kwa Kireno, kisha haombi tena. Halafu nyayo zikaja kwetu. Mama Ilunga alinishika mkono, kucha zikaingia. Nje tukamsikia Sbu. Hakupaza sauti. Alisema hapa ni kwake, na ndani kuna mama yake. Mtu akabishana naye. Likaja pigo, kitu kizito kikajibamiza kwenye shata ikatetemeka yote, likaja lingine, na lingine, kisha nyayo zikaondoka. Tulipofungua alikuwa ameketi kwenye ngazi akitema damu. Akasema eish, akaomba maji. Tangu siku ile hakuna aliyehitaji kuambiwa nyumba imesimama kwa sababu ya nani.

Na ndiye Sbu ambaye, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, aliuawa na Trésor mara saba mfululizo mbele ya marafiki wawili aliowaleta wamtazame.  Mara ya saba Sbu alivua visikilizio taratibu, akazunguka mpaka kwenye kona, akainua kibodi ya Goma akampiga nayo Trésor usoni. Vitufe vilitawanyika chumba kizima. Trésor alianguka na kiti chake, mdomo umepasuka, na hakurudisha hata kidole, jambo ambalo nadhani lilimuudhi Sbu zaidi. Alimpiga mateke ya mbavu, moja, mbili, nikasikia sauti ambayo kwenye mchezo hawajawahi kuiweka, na kila teke lilikuja na swali lilelile kwa Kizulu, unanionaje, unanionaje. Papa Ilunga alimkumbatia kwa nyuma akamkokota mpaka mlangoni. Pale Sbu akageuka akaweka masharti yake. Jumamosi inayofuata watabadilishana viti, yeye Goma, Trésor Sandton. Trésor akiona watu kutokea kule, basi ni Mungu, na yeye Sbu atamheshimu. Asipoona, basi ameibiwa ndani ya nyumba aliyoilinda kwa meno yake. Trésor atavunjwa, na siku wenye mapanga wakirudi sisi tusimtafute.

Papa Ilunga alimsihi Trésor akimbilie kwa ndugu zake Cape Town. Alikataa. Mdomo umevimba, maneno yanatoka nusunusu, akasema Mungu haiko ndani ya mashine moja. Akafunga siku tatu bila maji. Mimi nilijua kitakachomsubiri Sandton. Nyasi. Ataingia mle kipofu, atauawa kwenye kioo, kisha watamfuata sakafuni. Ijumaa nilikwenda Mayfair kuswali na katika hotuba nzima sikusikia neno. Kichwani nilikuwa napanga mipangilio. Njia ya kwanza ilikuwa kusema. Ya pili ilinijia nikiwa nimesujudu, Mungu anisamehe. Nizikate nyasi za Sandton, nizirudishe za Goma. Kipawa kitamfuata Trésor kwenye kiti kipya. Atashinda, Sbu ataheshimu, mlango utaendelea kulindwa, na yule mama atabaki na mume wake kivulini. Atakayeumia ni kadi peke yake. Nilitoka msikitini karibu nikiruka. Nilijiona mwerevu na mwema kwa wakati mmoja.

Jumamosi nikaamka mapema nikaifanya kazi. Sandton ilikuwa rahisi. Kwa Goma nilirudisha nyasi nikalipia kwa vitu vingine: picha nikaipunguza ukubwa mpaka watu wakawa na kingo za msumeno, kikomo nikakishusha kutoka arobaini mpaka thelathini, moshi nikaufuta kabisa. Nikacheza nusu saa. Kadi ilikuwa na joto lakini ilihimili. Sikukumbuka kwamba ni asubuhi, chumba kina baridi, na niko peke yangu. Jumamosi ndiyo siku ya saluni. Saa nane mchana vikaushio vyote vilikuwa vinanguruma upande wa pili wa ukuta wa Goma, jua la mwezi wa kumi linachoma bati, na mle ndani tulikuwa watu ishirini tunapumua. Walikuwepo watu wa kanisa. Sbu alikuja na watu watano. Mmoja, kijana mwembamba mwenye kofia, alikuwa anachezea bisibisi yangu niliyoisahau mezani.

Trésor aliomba, mkono juu ya kioo cha Sandton, wakaanza. Aliona. Alimwona Sbu nyuma ya kichuguu, akampiga. Alimwona tena. Watu wa kanisa wakaanza kunong'ona aleluya, na uso wa Trésor, pamoja na uvimbe wake, uling'aa namna ambayo nilitaka kulia kwa furaha. Sbu hakukasirika. Alikaza macho, akazunguka kwa mbali, akatambaa muda mrefu ndani ya nyasi zangu nilizozirudisha, mpaka akamfikia Trésor kwa nyuma. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nilimwona Trésor katikati ya alama ya shabaha, mgongo wazi. Ndipo feni ikaanza kulia kama kuku. Niliisikia kabla ya mtu yeyote. Sbu akabonyeza, na kioo kikawa cheusi.

Yaliyofuata yalikuwa ya dakika moja pengine. Sbu aliinua stuli akaipasua begani kwa Trésor, ikakatika mguu, akaendelea na ule mguu. Fundi wa kiwiko alirukia watu wa Sbu akapigwa ukutani. Pazia lilichanika likaangukia wanawake waliokuwa wanakimbia. Papa Ilunga aliingia katikati kwa mikono mitupu, akamfunika Trésor kwa mwili wake mfupi, na yule mwembamba mwenye kofia akamchoma bisibisi chini ya bega, akaichomoa, akachoma tena kwenye mkono. Damu iliruka kwenye kioo cha Kolwezi. Papa Ilunga hakulia. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya chini, "Aa-a, mutoto," kama anayemkataza mtu kumwaga chai. Sbu akainua mguu wa stuli kwa pigo lingine, na lilikuwa la kichwa. Nikamshika mkono, nikaning'inia juu yake.

"Ni mimi," nikamwambia. "Haoni kitu. Nyasi nimezikata mimi."

Sijui nilisema kwa lugha gani. Alinitupa sakafuni, nikainuka, nikaenda Sandton, vidole vinateleza kwa damu ambayo haikuwa yangu. Nikafungua ukurasa wa mipangilio. Nikamwonyesha Sbu mwili wa mtu wake, pale alipopigwa mara ya mwisho, juu ya udongo mtupu. Nikapandisha nyasi. Mwili ukatoweka. Nikashusha. Ukarudi. Akaniambia tena. Nikarudia mara tatu, mara nne, mpaka wa nyuma wakasogea kutazama. Nikaeleza kuhusu joto, kuhusu mwezi wa nne, kuhusu nilichofanya asubuhi hiyohiyo. Sbu aliketi kwenye kigae. Alikuwa anahema. Akasema miezi yote ile alidhani mikono yake imezeeka. Halafu akacheka, kicheko chake cha mtoto, akavua shati akamfunga Papa Ilunga mkono, akampiga kofi yule wa kofia mpaka kofia ikaruka, akambeba Papa Ilunga mgongoni mpaka kwenye teksi kwenda kliniki. Akiwa mlangoni alisema neno sharp, yaani poa, kwa mtu yeyote aliyelitaka. Nikajua mlango utaendelea kulindwa.

Wote wakaondoka. Mama Ilunga alifuata na viatu vya mumewe mkononi. Watu wa kanisa walitoka mmoja mmoja bila kumtazama Trésor. Nilichemsha maji nikaanza kusugua. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha Sandton, bega limeshuka upande mmoja, akinitazama nikisugua.

"Tangu mwezi wa ine," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Na ule mama? Nitamwambia nini?"

Nikaendelea kusugua. Nilitegemea anipige. Nilikuwa tayari, kwa kweli nilikuwa natamani. Akaniambia nirudishe nyasi kwenye Sandton, zote, mpaka juu, na vivuli, na kila kitu. Nikarudisha. Akaniambia niwashe Goma, nijifiche mbugani popote nitakapo. Kadi ilikuwa imepoa kidogo. Nilizikata nyasi upande wangu ili isizime, nikaingia, nikajilaza karibu na mti. Kwenye kioo changu nilimwona Trésor akitembea, wazi kabisa, mrefu, kwenye ardhi nyekundu. Alipita hatua tano kutoka kwangu. Alisimama, akageuka, akatazama pale nilipo, akageuka tena. Nilisikia midomo yake iliyopasuka ikinong'ona maombi. Alizunguka mbuga nzima, akarudi, akapita tena karibu mpaka nikaona kamba za viatu vyake. Nikashindwa kuvumilia. Nikabonyeza, mtu wangu akasimama katikati ya nyasi, mikono mitupu, mbele ya bunduki yake.

Hakupiga. Feni ya Goma iliendelea kuzunguka.

"Lala chini, petit," akasema, bila kugeuza kichwa. "Lala muzuri. Usinisaidie tena."

Nikajilaza. Akaendelea kutafuta.